Mwali wa Wodi ya Kifua

Wewe uliyeambiwa leo kwamba kifua chako kina ule ugonjwa, kaa kwanza, kunywa maji. Usikimbilie kutoa wosia. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikalia mpaka nesi akaniuliza kama nimemaliza au aende kunywa chai kwanza arudi. Sasa nalima, natwanga, nagombana na mume wangu kama kawaida, na binti yetu yuko darasa la tatu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, uliojifunza kushika kalamu kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo mwandiko ukipinda unisamehe.

Naitwa Mwamvita. Sisi ni Wazaramo wa Janga, kwetu ni pale pale tangu mababu, ingawa wakati wa kuhamia kijiji cha ujamaa tulisogezwa mbali na minazi yetu. Kikohozi kilipoanza watu wakasema ni hayo hayo mambo ya kuhama, mizimu, wenye mahali pao, wamekasirika. Nikapelekwa kwa mganga, nikafukizwa, nikachanjwa, nikakohoa vilevile. Nilikonda hata bangili zikawa zinanidondoka nikinawa mikono. Wifi yangu akanitengea kikombe cha bati, akakitundika peke yake ukutani, na mkeka niliokalia akawa anauanika juani kabla mwingine hajaukalia. Alidhani sioni.

Siku niliyotema damu mbele ya mume wangu, Kondo, alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kuomba ruhusa ya kukosa shamba la kijiji, akaazima baiskeli, akanipakia nyuma mpaka barabarani Mlandizi. Tukapanda basi hadi Dar es Salaam, tukapanda jingine la kupandisha Kisarawe, huko juu kwenye hospitali.

Benchi la kungojea daktari lilikuwa limejaa. Wajawazito, wazee, mtoto mwenye jipu, wote tumebanana. Nikakohoa, mtu mmoja akanyanyuka. Nikakohoa tena, wakanyanyuka watatu. Mimi nikajifunika uso kwa kanga kwa aibu. Kondo akanyoosha miguu yake, akasema, "Unaona faida yake, mama? Tumepata pa kukaa." Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia. Huyo ndiye mume niliyepewa, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka leo.

Daktari akasema sirudi nyumbani. Nitalazwa, nitapigwa sindano kila asubuhi, na hakuna anayejua itachukua muda gani. Mtoto asiletwe kabisa.

Hapo ndipo nililia kile kilio nilichokusimulia. Mwanaidi wangu alikuwa ameacha ziwa si zamani, ndiyo kwanza anajua kusema "mama nipe uji, mama nibebe." Nilimwacha amelala mgongoni kwa bibi yake, hata kumuaga sikumuaga. Kufa nilikuogopa, nani haogopi? Lakini nilichokiogopa zaidi ni kubaki hai kisha nirudi, mwanangu asinijue.

Wodi ya kifua ilikuwa nyuma kabisa, imezungushiwa ua wa minyaa. Wagonjwa sisi upande huu, wanaokuja kutuona upande ule, mnapigiana kelele katikati. Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha. Nimeweka tu kifurushi changu chini, mwanamke wa kitanda cha pili akainua kichwa, mifupa mitupu na macho makubwa.

"Kabila gani wewe?"

"Mzaramo."

"Uuuwi! Mungu wangu! Nimekosa nini mimi? Wamenilaza na mtumwa wangu!"

Nikajua ni mtani, kwa lafudhi yake. "Na wewe Mnyamwezi nani kakuita pwani? Ulikuja umebeba mizigo ya watu kichwani, ukashindwa kurudi?"

Akacheka mpaka akakohoa, mimi nikacheka mpaka nikakohoa, tukashikilia vikopo vyetu vya makohozi kila mtu na chake. Nesi akaja mbio, mama mnene mwenye sauti kama ya kengele, akatugombeza wote wawili. Hivyo ndivyo nilivyompata Kalunde. Mume wake alikuwa kibarua wa barabara, wakahamia Maili Moja, huko ndiko alikoanza kuugua. Alikuwa Mkristo. Ndugu zake wote walikuwa bara, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusimama kwenye minyaa.

Masika yale sitayasahau. Mvua juu ya bati, na kila asubuhi sindano, leo upande huu, kesho upande ule, mpaka kukaa kukawa ni mtihani. Masikio yalianza kunivuma. Nikisimama, sakafu inayumba. Sauti yangu ilikauka, mimi niliyekuwa naitwa kuimba kila panapotolewa mwali. Nywele zilikatika kila nikichana. Nilikuwa nikijipapasa mbavu chini ya kanga, naona aibu kana kwamba napapasa mtu mwingine.

Jioni, kabla giza halijaingia, Kalunde alikuwa anaongea na Mungu. Nasema anaongea kwa sababu sijui niite nini. Anakaa kitandani, anatazama darini, sauti juu, wala hajali nani anasikia.

"Baba, mimi Kalunde. Leo sindano imeniuma kuliko ya jana. Uji ulikuwa na mende, nimemtoa, nimekunywa, asante. Halafu huyu Mzaramo uliyeniwekea hapa anakoroma kama mashine ya kusaga. Mponye upesi aende kwao, nami nipate usingizi. Amina."

Tulikuwa tunavunjika mbavu. Lakini kichwani mwangu nilimshangaa. Mimi Mungu nilimjua wa kumswalia, kwa maneno niliyofundishwa chuoni nikiwa mdogo, maneno ya Kiarabu niliyoyashika kwa moyo bila kuyaelewa. Sasa kusimama nilikuwa siwezi. Nikaswali nimekaa, kisha nikaswali nimelala, na hata hapo pumzi inaniishia Alhamdu ikiwa katikati. Naanza upya, inakatika tena. Nikaona basi, mimi nimeshaachwa, swala yenyewe inanikataa. Hilo liliniumiza kuliko sindano.

Kondo alikuja kila alipopata ruhusa kijijini. Nilikuwa namwona kwa mbali anakuja na kikapu, machungwa, mayai ya kuchemsha, mara moja kuku mzima wa kukaanga ambaye nesi alimpitisha huku akijifanya hakuona. Anasimama kwenye minyaa, ananiangalia, anageuza uso kidogo, kisha anarudisha.

"Wananiambia nioe," alisema siku moja, hivi hivi tu, kana kwamba anasema mvua imenyesha.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimewaambia mke ninaye. Yuko nyuma ya minyaa pale."

Nikamuulizia mtoto. Akaanza kucheka peke yake. Akasema Mwanaidi alikuwa analia kila jioni akiniulizia, ndipo mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, akamwambia, "Nyamaza, mjukuu wangu. Mama yako ni mwali, amewekwa ndani. Mwali haonwi na mtu. Siku akitolewa tutapiga ngoma, nawe utacheza."

Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Zamani walikaa hata mwaka na zaidi. Haonwi na watu, hatoki juani, anakula na kupakwa mafuta, na anayeingia kwake ni somo wake tu, yule mama aliyekabidhiwa kumfundisha na kumtunza. Nami niliwahi kuwekwa, nikiwa na kifua kichanga. Sasa nimezaa, nimekonda kama ufito, naitwa mwali! Nilicheka pale kwenye ua mpaka damu ikaja kidogo mdomoni, na Kondo akawa anasema "Basi, mama, basi, nisamehe." Kalunde alipopata habari, wodi nzima ilijua. Tangu siku hiyo nesi akiingia na trei yake ya sindano anaita, "Mwali yuko wapi? Mwali, lala kifudifudi."

Kipupwe kilipoingia tukapigwa picha za kifua. Ya Kalunde ilikuwa safi. Yangu ilisema bado.

Alifunga vitu vyake polepole, makusudi, ili akae kidogo. Mimi nimegeukia ukutani. Ee, nilimwonea wivu, kwa nini nifiche? Akaja akakaa kwenye kitanda changu, jambo lililokatazwa.

"Usife, Mzaramo," akasema. "Ukifa nitamtukana nani?"

"Nenda zako. Mizigo inakungoja."

Akaniwekea mkono kichwani, kwenye nywele zangu zile zilizobaki, akaondoka. Sikumwona akivuka ua maana macho yalikuwa yamejaa maji.

Haukupita muda mrefu damu ikarudi, nyingi safari hii. Wakanihamishia chumba kidogo cha mwisho, peke yangu. Nesi anaingia na kitambaa mdomoni, anafanya kazi yake, anatoka. Kondo naye hakuruhusiwa kuingia, na kwenye minyaa kwa muda sikuweza kutembea kufika. Ndugu msomaji, kama umelazwa mahali kama pale, unajua. Kuta zimepakwa chokaa. Mjusi mmoja. Unaanza kumngoja mjusi kama mgeni.

Jioni moja ikafika saa ile ya Kalunde kuongea, na pakawa kimya. Kimya kile kilinizidi. Nikajisikia nasema, kwa sauti yangu ile ya kukwaruza, "Mungu wangu, mimi Mwamvita. Wa Janga."

Nikaona haya, nikanyamaza. Kisha nikaona hakuna aliyenicheka, nikaendelea. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia mwanangu anaitwa Mwanaidi, alizaliwa sikukuu, kana kwamba Yeye hajui. Nikamweleza kwamba nina hasira naye, na nikangoja niadhibiwe, na sikuadhibiwa. Nikasema, "Ukinichukua, nichukue. Lakini usimpe mwanangu mama wa kambo mwenye mdomo kama wa wifi yangu." Nikacheka peke yangu chumbani, na kicheko kikageuka kuwa kilio, nikalia mpaka mto ukalowa.

Hakuna sauti iliyonijibu. Wala sikuota ndoto, wala mwanga haukuingia dirishani, usije ukadhani nakuletea hadithi. Ila nilijua nimesikilizwa. Mtu akisikilizwa anajua, hata mtoto mchanga anajua. Nikalala usingizi mzito kuliko wa siku nyingi.

Kesho yake nikasema tena, na kesho kutwa yake. Nilipoweza kufika tena kwenye ua nilimwambia Kondo kwa wasiwasi, maana nilihofu nimeingia Ukristo bila kujua. Akacheka, lakini aliporudi kijijini alikwenda kumuuliza mwalimu wa chuoni kwetu. Akaja na jibu, akalipiga kelele juu ya minyaa hata wagonjwa wanaume wa upande wa pili wakasikia: "Mwalimu amesema swala ni kwa Kiarabu! Ila dua omba hata kwa Kizaramo! Amesema Mungu ndiye aliyekiumba, atashindwaje kukielewa! Na mgonjwa hata swala ya kuashiria kwa macho inapokelewa!"

Ee, nilivyofurahi! Pumzi ikinikatikia Alhamdu katikati, nilikuwa sianzi upya tena. Naiacha pale ilipofika, namwambia, "Hii iliyobaki waijua mwenyewe."

Sisemi ugonjwa ni mzuri. Anayesema hivyo hajaugua. Lakini nyumbani nilikuwa na watu tele wa kuwaambia shida zangu, na Mungu nilimwekea mwezi wa Ramadhani na siku za msiba. Kule watu walipungua mmoja mmoja, mpaka nikabaki na Yeye. Nikampenda. Sijui kulisema vingine, nilimpenda kama unavyompenda mtu aliyekaa nawe siku ambayo wengine wote wamekatazwa kuingia.

Vuli ikanyesha. Kondo akawa ananiletea korosho mpya za kukaanga, na tumbo langu likazikubali. Nesi akanipima, akapiga makofi, akasema mwali ananenepa. Bangili moja ikakaa mkononi. Embe zilipokuwa zinaisha, picha nyingine ikapigwa, na daktari akaniambia niende nyumbani na vidonge, nivimeze kila siku bila kuacha, nikachukue vingine zahanati.

Hapa nisimame nikuambie neno. Usiviache vidonge hivyo kwa sababu umeanza kusikia utamu wa ugali. Niliowaona wakirudishwa wodini walikuwa watu walioona wamepona. Na watu wakikuwekea kikombe chako peke yako, kinywee. Wanaogopa, nao ni binadamu. Wa kukutazama usoni atapatikana, hata kama ni mmoja. Na jioni zikikuzidi, ongea na Mungu kwa maneno unayoyajua, ya dini yako, ya nyumbani kwenu. Mengine nilikuwa sina, na haya yalinitosha.

Basi nikarudi Janga. Kondo alitangulia na baiskeli na kifurushi, mimi natembea nyuma, napumzika kila penye kivuli. Nilipoingia uani, mama mkwe alitupa ufagio, akanishika mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Nyuma yake alisimama Mwanaidi, amekuwa mrefu, ana gauni nisilolijua. Hakunitazama mimi. Alichungulia nyuma yangu, njiani, kushoto na kulia.

"Mwanaidi," bibi yake akasema, "mama huyo. Mwamkie mama."

"Shikamoo," akasema, kama anavyomwamkia mgeni yeyote.

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia bibi yake. "Huyu siye. Hakuna ngoma. Na mwali anatoka mnene."

Watu walioanza kukusanyika wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, maana ningefanya nini? Mama mkwe akawa anajipiga kifuani, "Mimi mimi, mdomo wangu huu. Nilimwambia hivyo ili asilie, mwanangu. Sikujua kama anayaweka moyoni." Sikumkasirikia hata kidogo. Alikuwa amemlea vizuri mtoto wangu, ana mashavu. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta maji, nikalia huko.

Wiki zikapita. Mwanaidi alikula na bibi yake, akalala na bibi yake. Nikimwita anakuja nusu ya njia, anasimama. Nikimnyooshea mkono anautazama mfupa wa kiwiko changu, anarudi. Kondo akasema mpe muda. Nami kwa upande wangu nilikuwa naogopa kumpumulia, ingawa daktari alisema hakuna hatari tena, kwa hiyo tukawa tunakwepana mama na mtoto ndani ya nyumba moja. Nililolihofu tangu siku ya kwanza lilikuwa limetokea. Nililipeleka kwa Mungu kila siku, wala sikulipeleka kwa upole.

Alasiri moja mama mkwe alikwenda msibani, akamwacha Mwanaidi nami, mara ya kwanza. Mtoto akakaa kizingitini na kipande cha muhogo wa kuchemsha, mbali nami kadiri alivyoweza. Nikaswali, nimesimama sasa, na Alhamdu yote ikaisha. Kisha nikabaki mkekani, nikaanza maneno yangu yale ya kila siku, taratibu.

"Unaongea na nani?"

Nikageuka. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Na Mungu."

"Mbona simwoni?"

"Hata mimi simwoni. Ila ananisikia."

Akafikiri. "Ulimjulia wapi?"

"Kule ndani nilikokuwa."

"Alikuwa huko na wewe?"

"Alikuwa huko na mimi. Watu wote walikatazwa kuingia, Yeye akaingia. Kama somo anavyoingia kwa mwali wake."

Somo alimjua, maana kulikuwa na mwali nyumba ya jirani. Akanitazama kuanzia miguu mpaka shingo, hasa mikono.

"Hakukupa chakula?"

Jamani! Nilijizuia nisicheke. "Alinipa. Nilikuwa siwezi kula. Mama alikuwa anaumwa, Mwanaidi. Hakukuwa na ngoma wala mafuta. Nilikuwa mgonjwa sana, nikawa nakulilia wewe. Bibi hakutaka ulie."

Mtoto akaja akauweka muhogo wake pembeni ya mkeka, kisha akakaa, akanipa mgongo, na mgongo ule mdogo wa moto ukagusa paja langu. Sikuthubutu kujitikisa.

"Bado unaongea naye?"

"Bado."

"Mwambie asikurudishe ndani."

Nikaona anangoja, kisha akanisukuma kwa kiwiko. "Mwambie basi!"

Nikamwambia, kwa sauti, ili na yeye asikie.